Mzee anatumia warfarin na damu ya pua haikati, fanyeni hivi

Pole sana ndugu, na mzee pia. Umesema ana miaka 67, anameza warfarin (dawa ya kuzuia damu isigande), damu ya pua imerudi mara ya pili wiki hii na hapo home mnamlaza chali mnammwagia maji kichwani. Hiyo ya kumlaza chali acheni kabisa, damu inashuka kooni anaimeza halafu anaanza kutapika, mnazidi kuchanganyikiwa.

Mkalishe, ainame mbele kidogo, abane pua pale chini penye nyama laini (sio juu kwenye mfupa, wengi hubana huko na ni kazi bure), apumue kwa mdomo, damu ikija mdomoni ateme. Dakika 10 mpaka 15 mfululizo, angalia saa kabisa, na usiachie kuchungulia kama imekata maana ndo unaanza upya.

Ila kwa mtu wa warfarin mimi nisingengoja. Dakika 15 zikiisha bado inatoka, au inamiminika kooni, au anasikia kizunguzungu, pelekeni emajensi usiku huohuo. Kule wakikiona kimshipa kinachovuja wanakichoma kwa silva naitreti (dawa ya kuchomea), wasipokiona wanamjaza pamba maalumu puani, inakera kweli lakini asiitoe mwenyewe. Hata ikikata nyumbani, kesho apimwe INR (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda) na presha, na dozi ya warfarin msimkatishe bila daktari kusema.

Baada ya hapo asipenge kwa nguvu, na asichokonoe.