Muulize Bi Kurasa: Uso, Mkunjo na Herufi Zisizosomeka

Mwezi huu barua karibu zote zimehusu makala za muziki na sura zake. Kurasa hizo nilizipanga kwa miaka 22 kabla sijapewa safu hii, kwa hiyo mmenichokoza wenyewe.

*Shikamoo Bi Kurasa. Nilikaa na mwimbaji saa tatu, nikaandika maneno 2,000. Jarida lilipotoka nikakuta yamebaki 1,200. Ukurasa wote wa kushoto na nusu ya wa kulia ni uso wake. Msomaji ananunua jarida asome, au ahesabu kope za mtu? – Mwandishi Aliyekatwa*

Marahaba mwanangu, na pole. Ngoja nikusimulie. Siku moja nilikuwa safarini, abiria wa kiti cha mbele yangu akafungua jarida nililolipanga mimi. Moyo ulinidunda kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Akafika kwenye makala ya mpiga gitaa mmoja. Akautazama uso, akafunua kurasa mbili mbele, akarudi. Akasoma maelezo madogo chini ya picha, halafu ile nukuu tunayoinyofoa na kuikuza katikati ya safu. Akairudia picha, safari hii akaisogeza karibu: alikuwa anaangalia vidole. Ndipo akaanza aya ya kwanza. Kichwa cha habari nilichokikeshea usiku kucha hakukitupia hata jicho.

Tangu siku hiyo naamini msomaji wa muziki huingia kwenye makala kupitia mtu. Anataka kwanza kujua huyu ni nani, ana hali gani leo, kisha ndiyo akusikilize wewe. Karatasi haina sauti, na sauti ndiyo aliyoifuata. Kwa hiyo anaitafuta kwenye shingo iliyokaza mishipa, kwenye jasho, kwenye kidole kilichobonyeza waya.

Iko picha ambayo kila msanifu kurasa huifikiria. Tarehe 8 Desemba 1980 mpiga picha Annie Leibovitz alimpiga picha John Lennon, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la Beatles, akiwa uchi, amejikunja ubavuni mwa mkewe Yoko Ono aliyevaa nguo, amefumba macho na kumbusu shavuni. Saa chache baadaye Lennon aliuawa kwa risasi. Jarida la muziki la Rolling Stone likaiweka jaladani katika toleo la 22 Januari 1981, na ukiacha jina la jarida, hakuna kichwa cha habari hata kimoja. Mara nyingi nimejaribu kuitungia kichwa akilini. Kila neno ninaloliweka linageuka kelele.

Lakini simwachii msanifu wako hivi hivi. Muulize: picha ile ilipigwa kwa ajili ya makala yako? Kama mwimbaji alipigwa picha katika chumba kilekile mlichozungumzia, na uchovu uleule uliouandika wewe uko machoni mwake, basi maneno yako 800 yamelipwa. Kama ni ile picha ya matangazo iliyotumwa na wasimamizi wake, ambayo kila mtu keshaiona, umekatwa kwa uvivu na una haki ya kununa. Na safari ijayo andika mwenyewe maelezo ya picha, usimwachie mtu. “Akiwa jukwaani” haina faida, tunaliona jukwaa. Tuambie gitaa lile lilikuwa na nyuzi tano kwa sababu ya sita ilikatika mazoezini. Hapo msomaji ataanza kuhesabu nyuzi, na akimaliza keshakuwa wako.

Halafu hiyo nusu ya kulia inanitia shaka. Uso unaovuka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine una adui anayeitwa mkunjo, pale kurasa mbili zinapokutana. Nami nina dhambi yangu: niliwahi kuutandaza uso wa mwimbaji kwenye kurasa mbili, kwenye kompyuta ukapendeza kupita kiasi. Jarida likaja limegandishwa kwa gundi, mkunjo ukameza pua. Yakabaki macho mawili yasiyojuana. Jarida la kubanwa kwa pini hufunguka vizuri zaidi, ila hata hapo pua usiiweke katikati.

*Mwalimu ametupa kazi ya kuchambua majalada ya muziki. Kwa nini wasanii karibu wote wanatutumbulia macho? – Mwanafunzi*

Kwa sababu jalada linasimama rafuni katikati ya mengine mengi na mpita njia ana haraka. Binadamu akitazamwa hugeuka, hata na karatasi. Sasa mfanyie mwalimu wako jambo ambalo wenzako hawatalifanya: linganisha jalada na kurasa za ndani za jarida lilelile. Ndani utamkuta msanii anatazama dirishani, au anafunga viatu. Ndani hana haja ya kukuita, keshakupata, na sasa anaweza kujifanya hakuoni. Hilo la pili ndilo linalompa msomaji hisia kwamba ameingia chumbani bila kubisha hodi.

Tazama pia jina la jarida linavyoandikwa. Kerrang!, jarida la muziki mzito wa roki lililoanza Uingereza mwaka 1981, jina lake ni mlio wa gitaa la umeme likipigwa kwa nguvu, na herufi zake zina nyufa kama kioo kilichopigwa jiwe. Hujasoma sentensi hata moja, na tayari unajua kuna kelele ndani. Usijaze insha kwa neno “walengwa” kila mstari. Sema umeona nini.

*Bi Kurasa, mimi ni mtu mzima wa miaka 58. Mbona makala za vijana zinachapishwa kwa herufi nyembamba nyeupe juu ya weusi, tena zimelala upande? Hatutakiwi kusoma? – Mwenye Miwani*

Ndugu yangu, miwani yako haina kosa. Weusi mzito uliochapwa vizuri hutengenezwa kwa wino zaidi ya mmoja, na kila wino huja kwa zamu yake. Mmoja ukisogea kidogo tu, au ukitanuka kwenye karatasi inayonyonya, vijisehemu vyembamba vya herufi nyeupe huzibwa. Kwenye kioo cha kompyuta hayo hayatokei, kwa hiyo kijana aliyepanga hakuyaona. Kichwa kikubwa kinavumilia, makala nzima haivumilii.

Kuhusu kulala upande, kuna msanifu aliyefika mbali kuliko hapo. Mwaka 1994 David Carson wa jarida la muziki la Ray Gun, Marekani, aliyaona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry yanachosha. Akayapanga kwa fonti iitwayo Zapf Dingbats, ambayo badala ya herufi ina nyota, mikasi na mishale. Hakuna binadamu aliyeweza kuyasoma pale. Mimi nacheka kila nikikumbuka, na bado nasema ni mzaha wa kufanywa mara moja duniani, naye keshaufanya. Wanaoiga leo hawajachoshwa na makala. Hawajaisoma.

*Picha zangu za tamasha ziling'aa sana kwenye simu, jaridani zimepauka. Nani wa kulaumiwa? – Mpiga Picha Chipukizi*

Simu inatoa mwanga, karatasi inauakisi. Buluu kali na kijani cha taa za jukwaani haziwezi kutengenezwa kwa wino nne za kawaida, hufifia tu. Uliza pia kama ulituma faili kamili: ukurasa wote wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Picha iliyopita kwenye programu ya kutumiana ujumbe mara nyingi huwa imeshapunguzwa.

*Kundi letu lina watu saba. Kila tukipigwa picha ya makala tunatoka kama picha ya darasa, warefu nyuma. Tufanyeje? – Mpiga Ngoma*

Nyinyi ni saba tu. Mwaka 1958 Art Kane aliwakusanya wanamuziki wa jazi 57 mbele ya nyumba moja ya Harlem, New York, na jarida la Esquire likaichapisha picha Januari 1959. Kane alikuwa msanifu, hajawa mpiga picha wa kazi. Watu wale walikuwa hawajaonana siku nyingi, wakawa wanasalimiana na kucheka badala ya kujipanga. Count Basie akachoka kusimama, akaketi ukingoni mwa barabara na watoto wa mtaa. Ukiitazama unawaona watu waliokutana, hata kama humjui mmoja wao. Mwaka 1998 jarida la hip hop la XXL lilimtuma mpiga picha Gordon Parks mahali palepale na wasanii wa hip hop, na wazo likafanya kazi tena.

Basi fikeni saa moja kabla, ongeeni, atakayechoka na akae. Mwambieni mpiga picha aanze kupiga kabla hajasema “tayari”. Hesabuni watu tu: siku ile Willie “The Lion” Smith alichoka naye, akaenda kuketi mlango wa pili, na kwenye picha iliyochapishwa hayumo.