Kwa nini watu wa Weimar walizomea

Zuhura mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na sisi hapa hatujambo. Unasema mlikwenda kutazama Der zerbrochne Krug, yaani Jagi Lililovunjika, mchezo wa kuchekesha wa Mjerumani Heinrich von Kleist, ukacheka mpaka mbavu zikauma, kisha njiani mwenzako akakwambia kwamba mchezo huohuo ulizomewa siku ya kwanza, mjini Weimar, Ujerumani. Unauliza: watu wale hawakuwa na masikio, au mchezo ulikuwa mbovu ukarekebishwa baadaye?

Mimi lawama kubwa namtupia aliyeupandisha jukwaani, naye ni Goethe, mwandishi mashuhuri aliyekuwa akiongoza jumba la michezo la Weimar.

Hakimu Adam wa kijiji cha Huisum, Uholanzi, anasikiliza kesi ya jagi la Mama Marthe lililovunjwa usiku chumbani kwa binti yake Eve. Mvunjaji ni hakimu huyohuyo. Kichwa kina majeraha, wigi halionekani, na mkaguzi Walter kakaa palepale anamwangalia. Sisi watazamaji tunamjua mkosaji mapema. Tunachongoja ni kuona atachomokea wapi. Eti paka kazalia ndani ya wigi! Uongo wa kwanza haujapoa, wa pili uko mdomoni. Kleist aliandika yote hayo katika tendo moja lisilo na mapumziko, ili Adam asipate pa kuvutia pumzi, nasi tusipate.

Goethe, tarehe 2 Machi 1808, akaupasua vipande vitatu. Tena ulitanguliwa na opera fupi, kwa hiyo kesi ilipoitwa watu walikuwa wamekwisha kaa vya kutosha. Na inasimuliwa kwamba mwigizaji wa Adam aliyaburuta maneno. Ni kama mtu anayekupigia kisa cha kuchekesha, akifika katikati anainuka kwenda kubandika chai. Watu wakachoka, wakazomea.

La ajabu ni kwamba tangu 1807 Goethe alikuwa ameshaandika kuwa kijana ana kipaji, lakini tamthilia yake ni ya jukwaa lisiloonekana, maana kesi imesimama palepale ingawa watu wanabishana. Kisha akaichezesha kwa namna iliyomthibitisha. Sidhani alikusudia. Wakubwa wengine hawajui tu kuukimbiza mchezo.

Wala simtakasi Kleist. Karibu na mwisho Eve alikuwa na maelezo marefu mno, jinsi Adam alivyomtisha kwamba mchumba wake Ruprecht atapelekwa jeshini mashariki ya mbali, na jinsi alivyoahidi cheti cha kumwokoa. Kilio chake ni cha haki, nami hunigusa, lakini kinakuja wakati hakimu keshaumbuka na kicheko kimekwisha. Kitabu kilipotoka 1811, Kleist mwenyewe alikuwa ameufupisha mwisho huo, ule mrefu akautenga kama nyongeza. Mtu hakati mahali anapoona pako sawa.

Alipouanza mchezo huu Uswisi mwaka 1802 alikuwa na miaka 24, akishindana na marafiki zake nani ataandika vizuri zaidi juu ya picha iliyotundikwa ukutani. Siku ya kuzomewa alikuwa na 30, tena hakuwepo. Alikuwa Dresden, akiendesha jarida la Phöbus pamoja na mwandishi mwenzake Adam Müller. Humohumo akachapa vipande vya mchezo, na baadaye akamrushia Goethe vijembe vya mistari miwili miwili. Sikumlaumu hata kidogo. Novemba 1811 alijiua karibu na Berlin, akiwa na miaka 34, hajauona mchezo wake ukipigiwa makofi.

Makofi yalikuja Hamburg mwaka 1820, mwongozaji wa michezo Friedrich Ludwig Schmidt alipoupunguza na kuuchezesha. Kwa hiyo mwenzako mwambie hivi: ndiyo, ulipunguzwa, lakini Adam, jagi na paka ni walewale wa Kleist.

Sasa nawe nijibu. Huko kwenu Eve alisema kwa ufupi au alipewa maneno yake yote? Kama alipewa yote, watu walitulia au walianza kutazama saa?

Mama yako