Mtu wa Koleo na Kalamu: Anko wa Bustani Anajibu

Toleo lililopita nilisema mtu anayechimba mwenyewe ndiye anayeandika vizuri kuhusu bustani, kuliko yule anayekuja na kamera saa nne asubuhi akaondoka saa tano. Basi meseji zikamiminika, wengine wamefurahi, wengine wamenuna. Nimechagua chache, zile za matusi nimeziacha huko huko.

Shikamoo Anko. Mie ni mtunza bustani wa kuajiriwa tangu ujana wangu, shule sikufika mbali. Jioni nikishaoga naandika kwenye daftari yale niliyoyaona mchana, miche, wadudu, mvua, kila kitu. Mke wangu ananisukuma nipeleke magazetini ila mi naona uandishi ni wa waliosoma. Hivi kuna mtu wa koleo aliyewahi kutambulika kwa kuandika au najipa presha bure? – Mtu wa Koleo

Marahaba kaka. Wapo, tena nikuanzie na mmoja tu ambaye ukimjua hiyo presha itapungua. Joseph Paxton, Mwingereza, kazaliwa 1803 kwenye familia ya wakulima yenye watoto kibao, yeye akiwa mmoja wa wadogo, akaingia kazi ya bustani bado kijana. Mwaka 1826 akapewa usimamizi wa bustani za Chatsworth, jumba la Duke of Devonshire. Mwingine angesema basi nimefika, nile mshahara wangu taratibu. Yeye kuanzia 1831 akawa anahariri majarida ya bustani huku bado anasimamia vibarua na samadi, na mwaka 1841 akawa mmoja wa walioanzisha Gardeners' Chronicle, gazeti la kila wiki lililosomwa na watunza bustani wenzake, watu wa koleo kama wewe.

Kinachonivutia zaidi kwake ni hiki. Mwaka 1849 alifanikiwa kulifanya lile yungiyungi kubwa la Amazon lichanue pale Chatsworth, lile ambalo jani lake likitandazwa juu ya maji linabeba mtu, na kweli alimsimamisha binti yake mdogo juu ya jani watu wakaona. Wengine wote waliishia kushangaa ua. Yeye akachungulia jani kwa chini, akaona ile mishipa minene inavyotoka katikati na ile midogo inavyoikatiza, akaelewa kwa nini kitu chembamba vile hakizami wala hakichaniki, na baadaye alieleza mwenyewe kwamba hapo ndipo alipopata wazo la paa la vioo. Crystal Palace, lile jengo la vioo la maonyesho ya London ya 1851, ni kazi yake, na mwaka huo huo Malkia akampa cheo cha Sir. Mtunza bustani huyo!

Sasa sikuahidi usir. Nachosema ni kwamba hilo daftari lako la jioni ndio mtaji, maana tahajia mhariri atakurekebishia, na koma atakuwekea, na sentensi ikirefuka kama hizi zangu ataikata, lakini hakuna mhariri duniani anayeweza kukuongezea kitu ambacho hukukiona. Wewe endelea kuandika tarehe, jina la mmea, hali ya hewa, ulifanya nini na kikatokea nini. Ukishamaliza msimu mzima soma nyuma, makala zimo humo humo zinakusubiri.

Ila jambo moja, na hili usilipuuze: hiyo bustani ni ya mtu. Kabla hujatuma chochote mwombe tajiri wako ruhusa, ikiwezekana kwa maandishi, na hata akikubali usitaje jina lake, wala eneo, wala geti liko upande gani, wala watoto wanacheza wapi. Andika mmea. Wengi wamepoteza kazi sio kwa sababu waliandika vibaya bali kwa sababu waliandika mambo ya nyumbani kwa watu.

Anko mambo. Nimetuma makala kwa wahariri mpaka nimechoka, jibu ni lile lile, "nzuri lakini ya jumla mno". Nakuwekea aya yangu moja uniambie ukweli: "Bustani ni mahali pa utulivu. Maua hutupa furaha na kutukumbusha uzuri wa maumbile. Kila asubuhi napenda kutembea kati ya mawaridi yangu nikivuta harufu yake tamu." – Mpenda Waridi

Poa dada. Umetaka ukweli: hiyo aya angeweza kuiandika mtu ambaye hajawahi kushika mkasi wa kupogolea maishani mwake. Utulivu, furaha, uzuri, harufu tamu, kila mtu anayo hiyo, mpaka kadi za harusi. Mhariri anapokwambia ya jumla mno anamaanisha hakukuona wewe mle ndani.

Hebu turudi kwenye hayo mawaridi yako. Nenda asubuhi, lakini usivute harufu kwanza, inama uangalie majani ya chini kabisa. Kama kuna doa jeusi lenye kingo zilizochanikachanika, na pembeni jani linageuka njano, huo ni ukungu wa madoa meusi, na jani hilo ukiligusa linadondoka lenyewe. Sasa jiulize jana ulimwagilia saa ngapi na maji uliyapitishia wapi. Vimelea vyake vinahitaji jani likae na maji kama masaa 7 hivi ndio viingie, kwa hiyo anayemwagilia jioni kwa kurusha maji juu ya majani anauandalia ugonjwa kitanda alale nao usiku mzima. Na yale majani yaliyodondoka ukiyaacha chini, mvua ikipiga inarusha vimelea juu tena. Umeona? Hapo tayari kuna makala, ina tatizo, ina sababu, ina cha kufanya kesho asubuhi (okota majani, mwagilia shinani, mwagilia mapema), na msomaji mwenye waridi moja tu kwenye kona atakukumbuka jina.

Harufu nayo iweke, sikatai, ila iweke baada ya hapo na useme ni ya waridi lipi na saa ngapi inakolea, maana haiko sawa siku nzima.

Usidhani nakufundisha ukavu. Gertrude Jekyll, mama wa Kiingereza aliyebuni bustani nyingi, alikuwa mchoraji na mtu wa kudarizi kabla macho hayajamsumbua, akahamishia jicho lake la rangi kwenye maua. Aliandika makala zaidi ya 1,000 magazetini. Yeye hasemi rangi nzuri akaishia hapo, anakwambia rangi hii ianze huku, ipandishe moto katikati, ishuke tena kwenye kijivu na buluu kule mwisho, na mmea gani ufunike pengo la ule uliokwisha kuchanua. Unaweza kusoma ukainuka ukapanda. Na sikiliza hii: mwaka 1897 alipewa Victoria Medal of Honour, medali ya heshima ya bustani, ndio inaanzishwa na Royal Horticultural Society, chama kikubwa cha bustani cha Uingereza, watu 60 na kati yao wanawake 2 tu, yeye na Ellen Willmott. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1899. Yaani medali ilitangulia kitabu! Ilikuwa bustani yenyewe na makala, makala, makala. Kwa hiyo wewe unayejisikia mdogo sababu huna kitabu, achana na hayo mawazo.

Kingine kinachowachosha wahariri, na mimi kinanichosha sana, ni kurudia ya kusikia. Mnaandika zungushia mche maganda ya mayai, konokono hatapita. Nani kaona? Hao hao Royal Horticultural Society mwaka 2018 walitoa matokeo ya jaribio lao la kulinda saladi kwa maganda ya mayai, changarawe, utepe wa shaba, sufu na magome ya mti, na zote zililiwa sawa tu na zile zisizozungushiwa kitu. Sasa ungekuwa umejaribu mwenyewe, safu moja na maganda, safu moja bila, ukaandika ulichokikuta, mhariri gani angekuambia ya jumla? Hata jaribio likifeli makala inapata uhai. Tena ikifeli ndio nzuri zaidi.

Habari Anko, mi sina bustani, nina vyungu tu barazani. Naruhusiwa kujiita mwandishi wa bustani? – Baraza

Nani akunyime? Chungu kinakausha haraka kuliko ardhi, mizizi haina pa kukimbilia, kosa la jana unaliona leo, kwa hiyo mwenye vyungu anajifunza mbio kuliko mwenye heka. Wasomaji wako pia ni wengi kuliko wa mwenye heka. Na hata vyungu visipokuwepo: Katharine White alikuwa mhariri wa hadithi pale The New Yorker, jarida la Marekani, na mwaka 1958 akaanza kuandika uhakiki wa katalogi za mbegu, zile orodha za wauzaji, anazichambua kama mtu anavyochambua riwaya, nani katia chumvi, nani kaandika kwa adabu. Watu walizipenda mno. Anza na chungu kimoja, kipime kwa kidole kila siku, andika.

Anko nikishatambulika kidogo naweza kuacha kazi niishi kwa makala? – Ndoto Kubwa

Hapana. Angalia wakubwa wenyewe, waandishi wa bustani wa Uingereza: Beth Chatto alifungua kitalu chake cha kuuza mimea 1967, Christopher Lloyd naye alikuwa na kitalu tangu miaka ya 1950, wote wameandika maisha yao yote huku wanauza miche. Na kitalu kiliwasaidia hata kalamu, maana mteja akirudi na mmea uliokufa mkononi anakupa mada bure. Chatto hakusomea hata kilimo cha bustani, alisomea ualimu. Akajifunza kwa kuutazama mmea kwao unakotoka unaishi vipi, wa kivulini akauweka kivulini, wa ukame kwenye ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akachukua sehemu iliyokuwa ya kuegesha magari, kokoto tupu, akapanda mimea ya ukame na akakataa katakata kuimwagilia, alafu akaandika ipi imestahimili na ipi imemshinda. Alikuwa ameshabeba medali 10 za dhahabu mfululizo za maonyesho ya maua ya Chelsea, London, wakati huo, angeweza kukaa kitako. Weka kazi yako, andika pembeni.

Shikamoo Anko. Mwaka jana nimepata tuzo kwa makala zangu za bustani, nashukuru Mungu. Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo kila wiki naitwa, mara semina, mara niwe jaji, mara nifungue maonyesho. Bustani yangu imejaa magugu mpaka naona aibu mgeni akija. Na watunza bustani wenzangu wanasema siku hizi najifanya, mikono imekuwa laini. Nashindwa hata kuandika, najikuta narudia ya zamani. – Mwenye Tuzo

Marahaba na hongera sana mama. Wenzako wanauma lakini hawajakosea, na wewe mwenyewe umeshajua, ndio maana umeandika hilo la kurudia ya zamani.

Lloyd niliyemtaja hapo juu aliandika safu yake ya kila wiki kwenye jarida la Country Life kuanzia 1963 mpaka 2005. Kila wiki. Alitoa wapi maneno? Alikuwa anaishi humo humo Great Dixter, nyumba aliyozaliwa, na alikuwa hatulii, akiona sehemu imezoeleka anaivunja. Mwaka 1993 ameshavuka miaka 70, ameshabeba medali zake, akang'oa bustani ya mawaridi iliyokuwepo tangu enzi za wazazi wake, tena iliyochorwa na msanifu mkubwa Edwin Lutyens, akapanda migomba na maua ya makana na madalia yenye rangi za kupiga kelele. Watu walipandisha presha! Lakini ona, mtu wa namna hiyo hawezi kukosa cha kuandika wiki ijayo, maana bustani inamletea habari ambazo hata yeye hakuzitarajia. Wewe yako imeshaacha kukuletea habari sababu haupo.

Kuhusu mikono laini, mwaka 1920 mchoraji William Nicholson alienda kumchora Jekyll, bibi wa miaka 76 wakati huo na jina kubwa, na hakupenda kukaa kuchorwa mchana wakati kuna kazi. Basi Nicholson alipokuwa anamngoja akachora viatu vyake vya bustanini, mabuti mazee, ngozi imekunjamana, soli inaachia. Picha ya mabuti ipo mpaka leo na watu wanaipenda mno. Sio kwamba hakuitwa huko na huko, alikuwa anakataa.

Fanya hivi. Chagua siku mbili za wiki ambazo hata aite nani huendi, na ziwe asubuhi, sio jioni umechoka. Ujaji pokea mara moja kwa mwaka, inatosha. Kwenye semina badala ya kwenda wewe kila mara mpeleke mmoja wa hao wenzako wanaokusema, wanajua kazi vizuri na hakuna aliyewahi kuwaita, utashangaa kelele zitakavyopungua. Makala usiandike kwa kumbukumbu ya mwaka juzi, andika hayo hayo magugu, yapi yameota, yana mzizi mmoja mrefu au wa kutambaa, yapi yanang'oka kwa mkono na yapi ukiyakata yanazidi, mbona hilo ni jambo la kila mwenye bustani na wenye tuzo mnaona aibu kuligusa.

Na yale yaliyoanza kuweka maua yang'oe kesho asubuhi kabla ya mengine yote, yakishamwaga mbegu utayapalilia miaka. Semina ya wiki ijayo waandikie leo kuwa huendi.