Uliniuliza kuhusu michezo ya risasi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unaogopa kwamba michezo ya video ya kufyatuliana risasi itamfanya mjukuu wangu awe hodari wa kulenga vichwa vya watu, kisha awe mkatili. Umeniuliza mimi kwa kuwa nilifundisha kuruta kulenga shabaha, basi nianzie hapo.

Bunduki ina uzito na ina teke. Kuruta hufumba macho hata kabla haijalia, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumtoa woga huo, azuie pumzi, avute kifyatulio taratibu mkono usitikisike. Mtoto anayebonyeza vitufe kwenye kochi hapati hata kimoja katika hayo. Labda jicho lake litakuwa jepesi, hilo sikatai.

Habari uliyoisoma naifahamu. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walitangaza kuwa dakika 20 tu za mchezo wa aina hiyo, kwa kishikio chenye umbo la bastola, ziliwafanya wachezaji wapige kichwa cha sanamu karibu maradufu ya wenzao. Wengine walipozikagua takwimu wakakuta haziendani, na kumbukumbu za awali hazikupatikana. Mwaka 2017 jarida likaifuta makala hiyo. Kufutwa hakukuvuma kama kutangazwa, ndiyo maana imekufikia ikiwa bado mbichi.

Ukali ni suala jingine. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema uhusiano upo, mdogo, na mambo kama kufoka na kusukumana. Kuulaumu mchezo kwa mauaji, ushahidi hautoshi. Nao watafiti wa Oxford, mwaka 2019, waliwachunguza vijana wa Uingereza zaidi ya 1,000 wa miaka 14 na 15, wakawauliza wazazi wao kuhusu tabia badala ya kuwategemea vijana wenyewe. Hawakuona uhusiano.

Kufoka hata mimi nakuamini. Wewe ulikuwa ukishindwa karata unazitupa chini, na hapakuwa na bastola humo. Mimi ningemwangalia analala saa ngapi, na anazungumza na nani huko mtandaoni usiku. Akizima kwa hasira, mwache kwanza atulie ndipo umsemeshe.

Mkija, aje na huo mchezo wake. Nataka nimwone anavyoushika.

Baba yako