Shangazi, mwanangu alinikuta nacheza na wajukuu akaondoka bila kula

Barua ya leo imetoka hapa hapa Mwanza, nimeifupisha kidogo ila maneno ni ya kwake mwenyewe:

"Shangazi habari za kazi. Mimi ni mzee wa miaka 67, naishi Luchelele na mke wangu. Kazi yangu nilikuwa fundi wa mashine kwenye meli, Mwanza Bukoba, Mwanza Nansio, miaka yote mpaka nikastaafu. Watoto wamelelewa na mama yao, mimi nilikuwa nafika nalala usiku mmoja au miwili naondoka. Tangu Januari tunakaa na wajukuu wawili wa mtoto wangu wa kwanza, aliezaliwa 1988. Wa kike ana miaka 8, wa kiume 4, wazazi wao wako Geita kikazi wanakuja wikiendi. Shangazi sijawahi kufurahi kama mwaka huu. Asubuhi nampeleka mkubwa shule, mchana nashinda na mdogo, jioni tunashuka kwenye mawe tunavua furu kwa ndoano. Mdogo hali samaki mpaka nimtolee miba mimi, bibi yake akitoa anakataa. Sasa kuna Jumapili mwanangu alikuja bila kupiga simu akatukuta tumekaa chini wote watatu, namuonyesha yule wa kike kufunga ndoano kwenye mshipi. Akasimama akatuangalia weee, halafu akasema 'kumbe haya mambo unayajua baba'. Akaondoka bila kula. Toka siku ile akija anashusha vitu anaondoka. Mke wangu anasema mwanao akiwepo jifanye uko bize kidogo. Mimi nimewaza niwapeleke wote Saanane au tukapite lile daraja jipya la Busisi labda moyo wake utatulia. Kwakweli najiona kama mwizi. Niache? Babu wa Luchelele."

Babu shikamoo. Nimeisoma barua yako nikairudia na nitakujibu moja kwa moja maana naona umekaa nalo muda mrefu. Usiache. Usipunguze hata kidogo, na hili la kujifanya uko bize mwanao akifika lifute kabisa, kwasababu huyo wa miaka 4 hajui habari za 1990 na kitu, yeye anajua babu yake jana alimtolea miba na leo baba kafika babu anaangalia pembeni, sasa hapo unadhani atawaza nini? Atajua baba akija babu hampendi tena. Utamuumiza mtoto ambae hajakosa kitu na yule mkubwa wako hutakuwa umemlipa hata senti, atakuona tu umerudi kuwa yule yule wa zamani, tena safari hii mbele ya wanae.

Sasa tuje kwenye lile neno. Kumbe haya mambo unayajua baba. Mimi siamini kama mwanao anawaonea wivu watoto wake, hakuna mzazi mwenye akili timamu anaechukia wanae wakipendwa, na kama angekuwa anachukia asingewaacha kwako toka Januari. Alichokiona pale ni mikono yako. Alikuwa anaijua mikono ya baba inayonuka dizeli, inayoshika begi, inayotoa hela ya ada, hakuwahi kuiona imetulia inafunga fundo taratibu huku inamsubiri mtoto aelewe. Alichokisema pale ni swali Babu, ni la zamani sana, na amekuuliza wewe sio mama yake wala wajukuu, kwahiyo linasubiri majibu yako.

Nataka ukumbuke jambo moja ambalo hukuliandika. Mwanao amezaliwa 1988. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama ikija Mwanza alikuwa na miaka 7 au 8, umri ule ule wa huyo binti unaemfundisha ndoano. Sisi tuliokuwepo mji huu tunajua zile siku zilikuwaje, watu wanashinda bandarini wanasubiri majina, mazishi Igoma yanafuatana, redio haizimwi, na simu za mkononi hakuna useme utampigia mtu umuulize uko wapi. Mtoto wa mfanyakazi wa meli wakati ule alikuwa anasikia nini nyumbani? Alikuwa anamuona mama yake analalaje? Halafu baba akafika, akalala usiku mmoja, akachukua begi akarudi majini tena. Umeshawahi kumuuliza ile wiki ilikuwaje kwake? Nina wasiwasi hamjawahi kuizungumza, wanaume wengi wa rika lenu mliona mkinyamaza ndio mnawalinda watoto, na wao wakakua na woga ambao haujawahi kutoka mdomoni.

Sikuhukumu. Meli ilikuwa ndio kazi, mshahara ndio huo, ratiba hupangi wewe. Watoto wa watu wa meli walimjua baba kwa mzigo, senene kwenye msimu wake, mkungu wa ndizi, kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye majani, wakashangilia mzigo na baba akadhani anashangiliwa yeye. Nyote wawili mlidhulumiwa kitu pale, ndio maana wewe mwenyewe mwaka huu unashangaa hiyo furaha ilikuwa wapi siku zote.

Kwahiyo ongea nae, na nakuomba sana usiitishe kikao. Usimwite baba mdogo, usimwite mchungaji wala mzee wa mtaa, usimwambie kwenye simu "njoo kuna mazungumzo" maana atakuja kavaa uso wa msibani. Subiri Jumamosi amekuja kuleta vitu, mwambie nisindikize hapo ziwani mara moja au twende Kirumba mwaloni tukachukue dagaa, mtembee. Watu wengi hasa wanaume maneno magumu yanawatoka wakiwa wanatembea au wameshika kitu, ukimkalisha sebuleni mnaangaliana ataishia kusema yamekwisha baba, na hayajaisha.

Mkiwa njiani anza na lile neno lake. Mwambie siku ile uliniambia kumbe haya mambo nayajua, ni kweli hukunikuta nikikufanyia wewe, naliona na linaniuma. Halafu nyamaza. Hapo ndipo pagumu kwasababu ulimi wako utataka kukimbilia "lakini nilikuwa natafuta kwa ajili yenu", na hiyo ni kweli kabisa ila ukiitanguliza inamfunga mdomo, atajisikia hana shukrani, ataitikia ndio baba na mtarudi nyumbani kila mtu na lake. Mwache aseme. Akikasirika mwache akasirike, mkubalie taratibu, usimjibu. Akinyamaza sawa pia. Muulize ile ya 1996 kama nafasi ipo. Na usidai msamaha siku hiyo hiyo, mtu mwenye karibu miaka arobaini ya kusubiri mpe na yeye miezi yake.

Baada ya hapo mpe nafasi kwenye hiyo furaha, na hapa ndio furaha yako ya ubabu inahitaji adabu kidogo. Kuna mababu wakishanogewa na wajukuu wanageuka kuwa baba bora mbele ya baba, mtoto akiuliza kitu kabla mzazi hajafungua mdomo babu kashajibu, mzazi akisema hakuna soda babu anachomoa mia tano mfukoni. Usifanye hivyo. Akiwa pale, yule binti akija na mshipi uliojifunga mwambie mpelekee baba yako. Kama hajui kufunga ndoano, na nahisi hajui maana hakuna aliemfundisha, basi kaeni wote wanne mfundishe yeye na mwanae pamoja, bila kumkosoa, bila kusema hata mwanao anakushinda. Hiyo ndoano umechelewa kumfundisha lakini mikono yake bado ipo na yako ipo.

Saanane nendeni, boti inatoka pale Capripoint ni dakika chache tu, toka 2013 ni hifadhi ya taifa na ndio ndogo kuliko zote nchini, watoto watafurahi kuona swala na pimbi kwenye mawe. Daraja la Kigongo Busisi nalo lipiteni, karibu kilomita 3 juu ya maji, na wewe ulieujua huo upande enzi za kusubiri kivuko una ya kuwasimulia. Ila usiipe hiyo safari kazi ya kumtuliza mwanao. Mtu aliekosa baba wa siku za kawaida hatulizwi na siku ya matembezi, alipata matembezi na zawadi utotoni, alichokosa ni Jumanne.

Na Jumanne ndio unazo sasa hivi, na hapa Babu acha niongee kwa furaha kidogo maana barua yako ilinifurahisha hata kama uliiandika kwa huzuni. Huyo mdogo anaekataa miba kutolewa na mtu mwingine. Nawaona kabisa, sato yuko kwenye sahani, unaanza na ule mgongo unaunyanyua wote kwa pamoja, unapitisha kidole gumba kwenye nyama ya tumboni ambako ile miba midogo inajificha, unabonyeza, unahakikisha, ndio unamuwekea kwenye ugali, na yeye anaangalia kidole chako bila kupepesa. Mtoto anajifunza kwamba kuna mtu duniani ana muda wa kutafuta mwiba usioonekana kwa ajili yake. Usiharakishe, na usimuwekee katuni kwenye simu wakati huo ili amalize upesi. Mpeleke kwenye kila kitu unachofanya, ukienda kuangalia kuku beba nae bakuli la pumba, ukifungua baiskeli mpe nati azishike mkononi, wewe fundi wa mashine una hazina hapo, mtoto wa miaka 4 kushikishwa spana ya kweli na babu yake ni jambo kubwa. Usiku giza likiingia zile taa za wavuvi wa dagaa zikianza kuwaka ziwani mkalishe nje umueleze kwanini wanawasha, kwanini mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi, ataelewa nusu, nusu nyingine ataidai kesho. Wakikuchosha sema mmenichosha, lala kidogo, miaka 67 sio 30, na siku ya kliniki ya presha usiiahirishe eti wanakusubiri.

La usalama nitalisema haraka ila lishike. Kukaa kwenye mawe na ndoano sawa, kuingia majini kwenye ule ukingo uliotulia wenye majani hapana, kichocho kinatokana na konokono wa maji na kinaingia kupitia ngozi tu, hata kuosha miguu kunatosha. Yule wa kike wakigawa dawa za kichocho shuleni hakikisha amekunywa, ila huyo wa miaka 4 hajaanza shule kwahiyo za shuleni hazimfikii, akilalamika tumbo au ukaona damu chooni nenda nae hospitali usimpe mitishamba. Na akiwa kwenye mawe mkono wako mmoja uwe kwake, hata kama samaki anavuta.

Nimebakiza mtu mmoja, mama. Kwenye barua yote umemtaja mara chache tu, unaishi nae, ndie aliewalea watoto peke yake, anakataliwa kutoa miba, na aliekushauri ujifanye uko bize. Nikajiuliza sare za shule anafua nani, chai ya saa kumi na mbili anapika nani, huyo mdogo akiugua usiku anaamka nani. Wewe unakula utamu wa ubabu na una haki, lakini yeye amelea wale wa kwanza bila wewe na sasa analea hawa wa pili huku anakuangalia wewe unafundisha ndoano. Huenda ushauri wake haukuwa wa kumlinda mwanao peke yake. Kesho asubuhi kabla hujampeleka binti shule chota maji wewe, koroga uji wewe, mwache alale, halafu jioni wajukuu wakiwa wamelala muulize na yeye ile miaka ya meli ilikuwaje kwake. Umsikilize yeye kabla hujaenda kutembea na mwanao, kuna mengi kuhusu yule kijana wa 1996 ambayo yeye ndie anayajua. Ukishaongea nao niandikie tena.

Wako, Shangazi.