Maswali ya Wasomaji: Kocha Akibisha, Mwamuzi Afanyeje?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio. Jumamosi huwa nachezesha besiboli ya watoto wa miaka 11 na 12, na mara nyingi niko peke yangu uwanjani. Majuzi kulikuwa na wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, auti hakuna, yaani hajatolewa mchezaji hata mmoja. Mpigaji akapiga mpira wa juu, shotstopu, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, akausubiri bila kuhangaika. Nikanyoosha mkono, nikaita infildi flai, mpigaji auti. Mpira ukamponyoka mtoto. Mkimbiaji wa besi ya pili akatimua mbio kwenda ya tatu, shotstopu akaokota akarusha, na mchezaji wa besi ya tatu akakanyaga besi bila kumgusa mkimbiaji. Nikasema sefu, yaani amepona. Makocha wote wawili wakanijia kwa mpigo. Mmoja anauliza mpira haukudakwa, mpigaji katokaje? Mwingine anauliza besi imekanyagwa, mkimbiaji kaponaje? Nilishikilia uamuzi wangu, lakini mmoja wao akasema mbele ya wazazi kwamba kwetu mchezo huu haupo, kanuni nitazijulia wapi. Mechi ilisimama muda mrefu. Je, nilikuwa sahihi? Na siku nyingine nifanyeje?

Marahaba, ndugu yangu. Ulikuwa sahihi mara zote mbili, na nataka ujue kwa nini, maana mwamuzi anayejua sababu ya kanuni hatikisiki kirahisi.

Infildi flai huitwa wakimbiaji wakiwa besi ya kwanza na ya pili, au besi zote zikiwa zimejaa, na auti hazijafika mbili. Mpira uwe wa juu, uwe ndani ya mistari, usiwe umepigwa bapa wala kwa kubanti (kuugusa tu kwa gongo), na uwe ambao mchezaji wa ndani, yaani wa karibu na besi, anaweza kuudaka kwa juhudi za kawaida. Ukishaita, mpigaji katoka, udakwe usidakwe. Kanuni hii ipo tangu miaka ya 1890. Bila hiyo, shotstopu mjanja angeuacha mpira uanguke kwa makusudi. Wakimbiaji wamebaki kwenye besi zao wakidhani utadakwa, ghafla wanalazimika kukimbia, naye anawatoa wawili kwa mpira mmoja. Kwa hiyo kocha wa timu iliyokuwa inapiga alikuwa anapigana na kanuni iliyowekwa kuwalinda watoto wake mwenyewe.

Kocha wa pili naye alisahau hatua inayofuata. Mpigaji akishatoka, hakuna tena anayemsukuma mkimbiaji kutoka nyuma, yaani halazimiki kuhama besi yake. Mpira bado uko hai, na mkimbiaji anaweza kwenda mbele kwa hatari yake mwenyewe, lakini kumtoa ni lazima aguswe. Kukanyaga besi peke yake hakutoshi.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo nililokaa nalo zaidi. Kocha anapokujia, kabla hujafungua mdomo, jiulize: anabishania jicho langu au anabishania kanuni? Makocha wenyewe mara nyingi hawatofautishi, kwa hiyo kazi hiyo ni yako. Sefu au auti, straiki au bolu (mrusho umepita eneo la kupigwa au nje yake), mpira umeangukia ndani ya mstari au nje: hayo ni ya jicho. Kitabu cha kanuni kinasema wazi kwamba uamuzi wa jicho ni wa mwisho na hakuna kocha wala mchezaji anayeruhusiwa kuupinga. Lakini kitabu hicho hicho kinampa kocha mkuu haki ya kuuliza kama umeitumia kanuni vibaya, na swali lake alilete kwa mwamuzi aliyetoa uamuzi, si kwa mwingine. Kwa hiyo ukimfukuza kocha anayeuliza kanuni, umemnyima haki yake. Ukikaa dakika tano unajadiliana na kocha anayebishania straiki, umeuza mamlaka yako.

Uamuzi wako wa siku ile ulikuwa na yote mawili ndani yake. Kwamba shotstopu angeweza kuudaka ule mpira kwa juhudi za kawaida, hilo ni jicho lako. Kwamba mpigaji anatoka hata usipodakwa, hiyo ni kanuni.

Chukua mifano miwili mikubwa. Tarehe 5 Oktoba 2012, Atlanta walikuwa wanacheza na St. Louis mechi ya mtoano ya ligi kuu ya Marekani. Mwamuzi Sam Holbrook akaita infildi flai kwa mpira ulioangukia mbali, kwenye nyasi za upande wa kushoto. Mashabiki wakarusha chupa na takataka, mechi ikasimama dakika 19. Atlanta wakakata rufaa, na rufaa ikakataliwa palepale, kwa sababu suala la juhudi za kawaida ni la jicho la mwamuzi. Mpaka leo watu wanabishana kama Holbrook aliona vizuri, lakini rufaa haikuwa na mlango wa kuingilia.

Mwingine ni wa tarehe 24 Julai 1983, New York. George Brett wa Kansas City alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja, timu yake ikaongoza 5-4 dhidi ya Yankees. Kocha wa Yankees, Billy Martin, akatoka na kitabu kichwani: gongo la Brett limepakwa utomvu wa msonobari, ule wa kulifanya lisiteleze mkononi, kupita inchi 18 zinazoruhusiwa. Mwamuzi Tim McClelland akalilaza gongo kwenye besi ya nyumbani, yenye upana wa inchi 17, akapima kwa macho, akamtoa Brett, mechi ikaisha. Kansas City wakakata rufaa, na safari hii rais wa ligi, Lee MacPhail, akaikubali. Alisema adhabu ya utomvu kupita kiasi ni kuliondoa gongo mchezoni, si kufuta pigo. Mechi ikarudiwa kuanzia pale ilipokatikia, tarehe 18 Agosti, na Kansas City wakashinda 5-4.

Kuna kipande cha kisa hicho ambacho nawasomea waamuzi wapya kila msimu hapa Minnesota. Mechi iliporudiwa, waamuzi walikuwa wengine kabisa. Martin akaja na hoja mpya, kwamba Brett hakugusa besi zote siku ile ya Julai. Watajuaje, wakati hawakuwepo? Mwamuzi Dave Phillips akatoa mfukoni hati ya kiapo iliyosainiwa na waamuzi wa Julai, kwamba besi zote ziligusika. Martin akakosa la kusema. Ndiyo maana nakusisitizia maandishi, ndugu yangu.

Uwanjani fanya hivi. Ita taimu. Sema kwa sauti ya kawaida kwamba unamsikiliza kocha mkuu mmoja tu, na mwenzake asubiri kwenye benchi. Wakija wawili kwa pamoja hakuna atakayesikika. Vua barakoa, ishike kwa mkono wa kushoto, mikono isikunjwe kifuani wala isishike kiuno. Mwache amalize. Kisha muulize, "Swali lako ni nini, kocha?" Ajibu kwa swali. Akileta maneno ya jumla, kwamba unaharibu mechi, kwamba umewaonea tangu mwanzo, hayo hayana jibu na usiyajibu. Akileta swali, mjibu kwa maneno ya kanuni: "Wakimbiaji wa kwanza na wa pili, auti hakuna, mpira wa kawaida kwa shotstopu. Mpigaji katoka. Mkimbiaji hakuguswa." Sentensi fupi namna hiyo zinatosha.

Akiendelea kubisha kanuni, toa kitabu. Usione haya. Maelekezo kwa waamuzi yaliyomo kwenye kitabu chenyewe yanakuambia ukibebe, na kwamba ni afadhali kusimamisha mchezo dakika kumi ukitafuta jibu kuliko mechi kufutwa na kurudiwa kwa rufaa. Ila hakikisha ni kitabu cha ligi yako. Hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa: kocha amejifunza kanuni kwenye televisheni, akaja nazo kwenye mechi ya watoto. Kwenye daraja lako la Little League, ligi ya watoto, mkimbiaji haruhusiwi kuacha besi mpaka mpira umfikie mpigaji, jambo ambalo kwenye ligi kuu halipo. Kwenye shule za sekondari za Marekani mrushaji akifanya boku (mwendo usioruhusiwa wakati wa kurusha) mpira unakufa palepale; kwenye ligi kuu mchezo unaweza kuendelea. Kocha anaweza kuwa anasema kweli kabisa, ila kweli ya uwanja mwingine.

Bado hajaridhika? Little League inampa kocha mkuu nafasi ya kukata rufaa juu ya kanuni, mradi aseme kabla ya mrusho unaofuata. Mkubalie bila kununa. Tangaza kwamba mechi inachezwa chini ya rufaa, andika alama, auti, wakimbiaji walikuwa wapi na hesabu ya straiki na bolu za mpigaji, kisha watoto waendelee kucheza. Kamati itaamua. Ligi kuu yenyewe imeshafuta rufaa za namna hii, lakini kwenu bado zipo, na kwa maoni yangu ni jambo jema, kwa sababu zinamwondolea mwamuzi aliye peke yake mzigo wa kumshawishi mtu mwenye hasira.

Limebaki lile neno, kwamba kwenu mchezo huu haupo. Hilo halihusu jicho wala kanuni. Ni kumdhalilisha mtu mbele ya watoto, na kwa hilo kocha anatolewa uwanjani, bila mjadala na bila wewe kupandisha sauti. Usiku huohuo andika ripoti kwa ligi, maneno yake kama yalivyotoka mdomoni. Si kweli hata hivyo. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za Little League, timu ya kwanza kutoka Afrika, na wakawafunga watoto wa Gresham, Oregon, 3-2. Dar es Salaam wanafunzi wanacheza pale shule ya sekondari Azania. Lakini hata pasingekuwa na gongo moja Afrika nzima, wewe umepangwa na ligi na umesoma kitabu. Mamlaka yako yametoka hapo, hayakutoka kwenye lafudhi yako.

Mwalimu, mimi nafundisha michezo shule moja ya sekondari Dar. Kocha mwenzangu anashikilia kwamba mpira na mkimbiaji wakifika besi ya kwanza pamoja, mkimbiaji ni sefu. Ni kweli?

Kanuni inasema mpigaji anatoka pale besi ya kwanza, au yeye mwenyewe, inapoguswa kwa mpira kabla hajaigusa besi. Kwa hiyo kocha mwenzako ana herufi za kanuni upande wake, pale besi ya kwanza. Lakini usikubali mjadala wa "pamoja". Kazi yako ni kuamua kipi kilitangulia. Macho yako yakae kwenye besi na mguu, masikio yasikilize mpira ukigonga ngozi ya glovu. Ukisikia mlio kabla ya mguu kutua, auti. Kwenye uwanja wa vumbi sogea pembeni upepo unakotoka, usije ukafunikwa na wingu la mkimbiaji.

Mwanangu ana miaka 14, anajifunza uamuzi kwenye ligi ya hapa Dallas. Makocha watu wazima wanamfokea. Nimkingie kifua?

Usiingie uwanjani, dada yangu. Ukiingia, kocha anapata sababu ya kusema mwamuzi ana mama yake. Nenda kwa viongozi wa ligi kabla ya mechi ijayo, uwaombe wampange na mwamuzi mtu mzima, au pawe na msimamizi mmoja ambaye kazi yake ni kuwadhibiti makocha na wazazi tu. Wana uwezo wa kufanya hivyo. Huko Deptford, New Jersey, mwaka 2023 ligi ya watoto ilipitisha kwamba mzazi anayemfokea mwamuzi hakanyagi tena pale mpaka kwanza achezeshe mechi tatu yeye mwenyewe. Wapelekee mfano huo.

Na kabla ya Jumamosi kagua barakoa yake. Iwe na kinga ya koo inayoning'inia chini ya kidevu, na mikanda ya nyuma isiwe imelegea. Mipira inayopanguliwa na gongo huja moja kwa moja usoni, na kijana anayeogopa mpira hawezi kuuangalia mrusho mpaka mwisho.