Ukishuti, mfikirie atakayeediti

Niseme ukweli, mwaka wangu wa kwanza kwenye kamera nilijiona fundi kwelikweli. Nikirudi kushuti fokasi safi, rangi imetulia, nakabidhi memori kadi kwa mhariri naenda zangu kunywa chai. Mpaka siku ya Feri.

Tulikuwa na kipindi kidogo cha habari za wavuvi, tukaenda soko la samaki pale Feri, Dar, tukampata mzee mmoja anaparua samaki, muongeaji balaa. Nikafunga stendi nikamchukua dakika 40 mfululizo, kifua na uso, basi. Kwenye kipindi tumepewa dakika 3. Jioni dada wa kuediti akanipigia, "Mdogo wangu, hebu njoo ukae hapa uone ulichonifanyia."

Nikakaa. Kila akiunganisha sentensi moja ya mzee na nyingine, kichwa kinaruka, mara kulia mara kushoto, utadhani mzee ana kwikwi. Akauliza, mikono yake iko wapi? Kisu? Ndoo? Sina. Halafu katikati ya jibu tamu kuliko yote pantoni ya Kigamboni ikapiga honi, na ukikata hapo honi nayo inakatika nusu, hata mtoto anasikia. Tena kumbe katikati ya mahojiano nilihamisha kamera upande wa pili kukwepa jua, kwa hiyo mwanzo mzee anatazama kulia, baadaye anatazama kushoto, zikiwekwa pamoja ni kama anabishana na mwenyewe. Nilitamani kiti kinimeze.

Sasa wewe unayeanza, hata kama ni kwa simu tu. Chora kichwani mstari kati ya anayeuliza na anayejibu, chagua upande mmoja wa kusimama na usiuvuke. Mtu akimaliza kuongea usifungashe, sasa ndo kazi inaanza: chukua mikono, chukua kisu, chukua sokoni kote kwa mbali, kila picha tulia nayo sekunde 10 bila kuyumba yumba. Zitaonekana ndefu ukiwa pale umesimama na watu wanakusukuma, ila mhariri atakata mwenyewe. Kingine, omba watu wako wanyamaze dakika moja urekodi mlio wa mahali penyewe tu, wa kuzibia panapokatwa. Na hedifoni vaa, jamani, honi ile ningeisikia palepale ningemwomba mzee arudie.

Ukishuti ndani kwenye taa za umeme za kwetu weka fremu 25 (picha 25 kwa sekunde) na shata 1/50, yaani kila picha kamera inapokea mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi taa inapepesa mara mbili, jumla mara 100 kwa sekunde, shata ikiendana nayo picha haichezi. Simu nyingi zinakuja na fremu 30, ndo maana video za ofisini zina mistari inayopanda na kushuka.

Hizi picha za mikono na ndoo usidhani ni mapambo. Kuna Mrusi mmoja wa zamani, mtengeneza filamu Lev Kuleshov, alichukua uso uleule wa mwigizaji akauunganisha na sahani ya supu, halafu na jeneza, na watazamaji wakamsifia jamaa anavyojua kuigiza njaa na majonzi, kumbe uso ni mmoja. Mzee wangu alikuwa analalamika samaki wamepungua, pembeni yake ndoo tupu tatu zimepangwa, mimi nimeng'ang'ania ndevu zake.

Kesho yake alfajiri nikarudi Feri peke yangu, nauli yangu mwenyewe. Mzee kaniona na stendi akacheka, "Wewe kijana, jana si ulinimaliza?" Nikamwambia Shikamoo mzee, leo naomba mikono tu. Akanipa samaki nimshikie, akaanza kuparua.